Wembe Mmoja kwa Foleni Nzima

Tarumbeta la kambi ya jeshi lilipolia saa kumi na mbili asubuhi, Akwero alikuwa amekwisha kuteka jerikani mbili za maji na kufagia ua, na sasa alikuwa akimvuta mdogo wake Kidega kwa mguu atoke kitandani. Kazi hii ya mwisho ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote. Kidega alikuwa na umri wa miaka minane na usingizi wa mzee wa miaka themanini.

"Leo Ijumaa!" Akwero alimkumbusha. "Ukaguzi wa usafi. Nionyeshe kucha."

Kidega alificha mikono chini ya blanketi. "Nitakata shuleni."

"Wembe unao?"

"Nitautafuta."

Mama yao, ambaye majirani wote walimwita Mama Akwero, alicheka huku akikoroga uji. Baba yao, Sajini Olweny, alikuwa kazini Karamoja tangu mwezi wa pili. Kwa hiyo nyumba yao ndogo kwenye mteremko wa kilima cha Mbuya iliongozwa na wanawake wawili: Mama mwenyewe, na Akwero, aliyejiona mkubwa kuliko miaka yake kumi na miwili.

Alikuwa na sababu ya kujiona. Muhula huo Mwalimu Wangila alikuwa amemteua kiranja wa afya wa darasa la sita. Ilikuwa baada ya Sista Rosalba, muuguzi wa kituo cha afya, kuja shuleni kufundisha na kuuliza maswali. Akwero peke yake ndiye aliyekumbuka kila kitu: virusi vya UKIMWI huambukizwa kwa njia zipi, haviambukizwi kwa njia zipi, na kwamba mtu ambaye huenda ameingiwa na damu yenye virusi ana saa sabini na mbili tu za kuanza dawa za kinga. Darasa zima lilimpigia makofi. Lakini kujua jibu ni jambo moja, na kulitumia ni jambo jingine kabisa.

Sheria ya shule ilikuwa wazi: kila mwanafunzi aje na wembe wake wa kuchongea penseli na kukatia kucha, asiazime wala kuazimwa. Hata hivyo, kila Ijumaa nusu ya darasa la sita walikuja mikono mitupu na kucha ndefu. Darasa chafu kuliko yote lilisafisha vyoo wiki nzima, na darasa safi lilipewa bendera ya kijani itundikwe mlangoni. Bendera hiyo ilikuwa imekaa darasa la sita wiki nne mfululizo. Siri ya ushindi ilikuwa Akwero na wembe wake mmoja. Kabla ya kengele alikaa nyuma ya tangi la maji, watoto wakapanga foleni, naye akawakata kucha mmoja baada ya mwingine. Mwalimu Wangila aliona kucha safi, akafurahi, asiulize zimekatwa vipi.

Msije mkadhani Akwero alifanya ovyo ovyo. La, alikuwa na utaratibu wake mwenyewe. Kila mara alihakikisha kwamba Ojera ni wa mwisho.

Ojera alikuwa mwanafunzi mwenzake, mvulana mkimya aliyeishi mstari wa pili wa nyumba na shangazi yake Joska, mpishi wa kambi. Mwaka uliopita Shangazi Joska alilazwa kwa malaria, akamwita Akwero na kumwomba ahakikishe Ojera anameza dawa zake kila jioni. Ndipo Akwero alipojua kwamba Ojera alizaliwa na virusi vya UKIMWI. "Neno hili lisivuke mlango huu, mwanangu," Shangazi Joska alimwambia. Akwero aliapa, na kweli hakumwambia mtu. Ila tangu awe kiranja, alimweka Ojera mwisho wa foleni na kuutupa wembe chooni alipomaliza kumkata. Alijiona mwerevu. Wembe ukiishia kwa Ojera, aliwaza, utamdhuru nani?

Ijumaa hiyo foleni ilikuwa ya watoto kumi na watano. Wote walikwenda vizuri mpaka wa kumi na nne, msichana mcheshi aitwaye Marjan, ambaye alicheka, akatikisika, wembe ukamchana pembeni mwa kidole. Akwero alipangusa damu kwa karatasi ya daftari. Marjan alisema si kitu, akaondoka akilamba kidole.

Ikafika zamu ya Ojera. Kengele ilikuwa karibu, na mikono ya Akwero ilikuwa na haraka. Kwenye kidole cha mwisho wembe uliteleza. Ojera aliuvuta mkono wake upesi, akakibana kidole kwa nguvu kwenye shati.

"Dada! Dada, bambi, tafadhali!" Kidega alitokea mbio, machozi yakimlengalenga. "Mwalimu wetu amesema mwenye kucha ndefu atasimama mbele ya shule nzima!"

Akwero aliutazama wembe mkononi mwake. Hakuwa na mwingine. Kengele ikalia. Aliufuta wembe kwenye pindo la sketi yake, upande huu na upande ule, akamshika mdogo wake mkono na kuanza kukata. Kidega alikuwa akirukaruka kwa hofu ya kuchelewa. Kwenye dole gumba alishtuka na kupiga kelele. Tone la damu likatokea, dogo, jekundu, la mviringo.

Ojera alikuwa bado amesimama pale. Aliona yote.

"Akwero..." alianza kusema, lakini Kidega alikuwa amekwisha kumvuta dada yake. Wote watatu wakakimbilia gwaride.

Darasa la sita lilishinda tena. Wenzake walishangilia, na Mwalimu Wangila akampa Akwero bendera aibebe mwenyewe. Akiwa mbele ya shule nzima, alimwona Kidega kwenye mstari wa darasa la pili akinyonya dole gumba.

Siku ile hakusikia somo hata moja. Nyuma ya daftari la hesabu aliandika: Ijumaa saa moja na nusu. Kisha Jumamosi saa moja na nusu. Kisha Jumapili. Alipoandika Jumatatu saa moja na nusu aliacha kuandika, maana hapo ndipo saa sabini na mbili zilipoishia.

Angeweza kusema siku hiyo hiyo. Sista Rosalba hakuwa mbali. Lakini akisema wembe ulikuwa na damu, wataulizana ni damu ya nani. Akitaja jina, amevunja kiapo. Asipolitaja, labda hakuna atakayeona kwamba kuna hatari. Tena mambo ya foleni yatajulikana, na kiranja wa afya atakuwa kichekesho cha shule. Basi alifanya kama wafanyavyo watu wengi wenye hofu: alitafuta dawa yake mwenyewe.

Jumamosi asubuhi, walipokuwa wakifua, alimpeleka Kidega nyuma ya nyumba na kukitumbukiza kidole chake kwenye kikombe cha dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Kidega alipiga yowe lililosikika mpaka bondeni. Mama alitoka mbio, mikono ina povu.

"Kuna nini?"

"Alijikata na wembe wa penseli," Akwero alisema bila kumtazama. "Nilikuwa namsafisha."

Mama alikiangalia kidole, akatabasamu. "Kiranja wangu wa afya. Bila wewe sijui ningefanya nini na baba yenu hayupo." Akarudi kwenye nguo zake. Akwero angefurahi zaidi kama angepigwa kofi.

Mchana alimtafuta Ojera. Alimkuta ameketi kando ya uzio, mahali ambapo mtu huona mapaa yote ya mtaa wa Nakawa chini yake, akifunga mpira wa makaratasi kwa kamba.

"Ojera, dawa zako unameza kila siku?"

Ojera hakuinua macho. "Umekuja kunikagua na mimi?"

"Kidega alitoka damu."

"Nilimwona."

"Nataka kumwambia Mama. Lakini..."

"Lakini utamwambia ni damu ya nani." Ojera alivuta kamba mpaka ikakatika. "Tulipokuwa tukikaa Kyebando, shangazi alikuwa akiuza mandazi. Mtu mmoja tu alijua habari zangu. Mmoja, Akwero! Baada ya wiki hakuna aliyenunua tena mandazi yake. Kwa nini unadhani tulihama?"

"Mimi niliapa. Sijamwambia mtu yeyote."

"Na foleni je?" Sasa alimtazama usoni. "Unafikiri sijui kwa nini kila Ijumaa mimi ni wa mwisho? Ipo siku na wengine watajiuliza."

Kwa kweli Akwero hakuwahi kufikiri kwamba Ojera alikuwa akiona. Alisimama pale akiwa na aibu mpaka mwenzake akachukua mpira wake na kuondoka.

Jumapili walikwenda kusali. Akwero alisikia wengine wakiimba, lakini yeye alikuwa akihesabu tu. Saa hamsini zimekwisha. Hamsini na moja. Kidega, pembeni yake, alikuwa akiimba kwa sauti kubwa na kukosea maneno kama kawaida yake. Akwero alimtazama shingo yake nyembamba na shati lake lenye kola iliyokunjamana, na wazo likamjia: siri ya mtu nimeitunza, sifa yangu nimeitunza, na mdogo wangu je? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Msemo huo alikuwa ameuandika mwenyewe kwenye ubao wa matangazo wa darasa.

Walipofika nyumbani hakungoja hata Mama avue kitambaa cha kichwa.

"Mama, nilikudanganya. Kidega hakujikata na wembe wa penseli. Nilimkata mimi, kwa wembe uliokuwa na damu ya watoto wengine. Inabidi twende kwa Sista Rosalba leo. Leo hii, Mama, si kesho."

Mama alikaa kwenye kiti taratibu. "Damu ya watoto gani?"

Akwero alimshika Kidega mkono.

"Mbona leo hii? Kuna mgonjwa kati yao?" Mama alisimama tena. "Ni nani? Akwero, taja jina!"

"Sitalitaja."

"Huyu ni mdogo wako! Taja jina la huyo mtoto!" Mkono wa Mama ulikuwa umeinuka juu. Kidega alianza kulia bila kujua analilia nini.

"Nipige tu, Mama," Akwero alisema, machozi yakimtiririka. "Nikishalitoa, siwezi tena kulirudisha. Sista hahitaji jina. Anahitaji muda, na muda unakwisha."

Mkono ulibaki juu kidogo, kisha ukashuka. Mama alichukua khanga yake, akambeba Kidega mgongoni kama mtoto mchanga ingawa miguu yake ilining'inia mpaka magotini, wakateremka kilima.

Sista Rosalba alikuwa zamu. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye miwani iliyokaa kwenye paji la uso muda wote, na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Alisikiliza maelezo ya Akwero tangu mwanzo mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akakichukua kidole cha Kidega.

"Na hii ngozi imeungua kwa nini?"

"Nilikiweka kwenye dawa ya nguo, Sista. Ili kuua virusi."

"Umemwongezea kidonda. Mkikatwa hivi, ni maji yanayotiririka na sabuni, basi. Msikamue, msinyonye, msimwagie dawa kali. Kisha mje kwetu mara moja. Mara moja, Akwero, si baada ya siku mbili na nusu." Alishusha miwani machoni, akachukua kalamu. "Sasa niambie nani na nani walitoka damu, kwa mfuatano wao."

"Marjan. Halafu Ojera. Halafu Kidega."

Majina yalitoka kirahisi, na Akwero akashangaa. Kumbe kusema nani alikatwa si kusema nani ana nini!

"Yupi kati ya hao wawili?" Mama aliuliza upesi. "Musawo, muuguzi wetu, niambie, ni yupi?"

"Mama Akwero, swali hilo halina kazi hapa," Sista alijibu. "Wembe ule ulipita kwenye mikono ya watoto kumi na watano. Wewe unaijua hali ya kila mmoja wao? Mimi siijui. Wazazi wao wenyewe pengine hawaijui. Kwangu damu ya yeyote ni damu, na naipokea kwa tahadhari ile ile."

Aliwaeleza kwamba hatari ilikuwa ndogo, ndogo sana kwa jeraha kama lile. "Lakini ndogo si sawa na hakuna," alisema. "Damu ilikuwa mbichi, na dakika zilikuwa chache. Nitampima kwanza, kisha tutaamua na daktari kuhusu dawa za kinga. Akianza, atameza kila siku kwa siku ishirini na nane bila kuruka hata moja. Dawa hizi hufanya kazi vizuri zaidi zikianza mapema, na saa sabini na mbili zikipita hatuzitoi tena. Mngekuja kesho mchana ningewapa pole tu."

Mama aliushika ukingo wa meza.

Wakati huo mlango uligongwa. Aliingia Shangazi Joska akiwa bado amevaa aproni ya jikoni, na nyuma yake Ojera, ameinamisha kichwa.

"Samahani, Sista, kuingia hivi," Shangazi Joska alisema. "Huyu kijana amenieleza leo mchana, alipowaona hawa wakiteremka kilima. Nimemwambia tunaweza kukuona peke yako. Amekataa."

"Nimekuja mwenyewe," Ojera alisema. Alimtazama Mama Akwero moja kwa moja. "Ni mimi, Mama. Nilizaliwa na virusi. Nimeona nikinyamaza, na Kidega akipata shida, sitaweza kumwangalia."

Akwero alimwogopea Ojera kuliko alivyokuwa amejiogopea mwenyewe. Mama alimtazama mtoto yule wa watu, aliyekuwa na umri wa binti yake, akamvuta karibu na kumketisha kwenye benchi pembeni yake.

"Asante, mwanangu," alisema.

Sista Rosalba aliangalia kitabu cha kliniki alichokuja nacho Shangazi Joska. "Nikisema mbele yao, Ojera, unaniruhusu?"

Ojera aliitikia kwa kichwa.

"Basi sikilizeni. Ojera hajakosa dawa hata siku moja mwaka huu. Virusi kwenye damu yake vimepungua mpaka kipimo hakivioni. Hilo linaifanya hatari iliyo ndogo iwe ndogo zaidi. Hata hivyo Kidega ataanza dawa, kwa sababu si wembe wa Ojera peke yake, ni wembe wa foleni nzima." Akamgeukia Ojera. "Na wewe, hebu nione kidole chako. Kimeoshwa?"

Ojera alionyesha kidole. Kilikuwa kimevimba kidogo, na damu iliyokauka bado imo pembeni mwa ukucha.

"Ulikatwa na wembe uliokuwa na damu ya Marjan," Sista alisema huku akivaa glavu. "Na tangu Ijumaa hakuna aliyekuuliza hali."

Akwero alishuka moyo kabisa. Siku tatu alikuwa amehesabu saa za Kidega. Hakuwa amehesabu hata dakika moja ya Ojera, wala ya Marjan. Alikuwa amemwogopa Ojera wakati wote, na kumbe Ojera naye ana ngozi inayochanika kama ya kila mtu.

"Nisamehe," alimwambia. "Si kwa ajili ya Ijumaa hii tu. Kwa Ijumaa zote."

"Usinikate tena kucha," Ojera alijibu, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa akatabasamu kidogo.

Jioni hiyo hiyo, kabla jua halijazama, Sista Rosalba alikwenda na Akwero nyumbani kwa Marjan, akazungumza na wazazi wake. Baba yake alifoka sana, na Akwero aliyapokea yote akiwa amesimama. Marjan naye, kwa kuwa wembe ulikuwa umepita kwa watoto kumi na watatu kabla yake, alianza dawa kabla muda haujakwisha. Jumatatu Akwero alimweleza Mwalimu Wangila kila kitu na kuvua beji yake ya kiranja. Mwalimu aliiweka mezani.

"Kosa si lako peke yako," alisema. "Nilizitazama kucha, sikuutazama wembe. Mtoto wa miaka kumi na miwili hakupaswa kuachiwa kazi hiyo." Tangu siku hiyo kucha zilikatwa nyumbani, na asiyekata alipelekewa barua mzazi wake. Bendera ya kijani ikaenda darasa la nne.

Msidhani hofu iliishia hapo. Kidega alizichukia dawa. Siku ya kwanza alimeza, ya pili alitapika, na siku ya nne Mama alimkuta amekificha kidonge chini ya godoro. Mama alibembeleza, akatishia, akaahidi chapati, yote yakawa kazi bure. Siku ishirini na nne zilikuwa bado mbele yao, na mtoto amefunga meno.

Aliyemwokoa ni Ojera. Alikuja na kikopo chake mwenyewe, akaketi chini karibu na Kidega.

"Mimi nimemeza tangu nikiwa mdogo kuliko wewe," alimwambia. "Nikufundishe? Kula kwanza, tumbo lisiwe tupu. Kidonge weka nyuma ya ulimi, kunywa maji, inamisha kidevu. Ukiinua kichwa kama kuku, kitakwama."

"Wewe utameza siku ngapi?" Kidega aliuliza.

"Zote."

Kidega alimtazama kwa heshima kubwa. Mbele ya mtu wa siku zote, siku ishirini na nne zikaonekana haba. Aliinamisha kidevu, akameza. Kila jioni baada ya chakula Ojera alikuja wakameza pamoja, kila mmoja dawa yake, mpaka siku ya ishirini na nane.

Kisha ikawa kungoja. Kipimo cha wiki ya sita kilikuwa kizuri, lakini Sista alisema cha uhakika ni cha baada ya miezi mitatu. Miezi mitatu ni mirefu kwa mwenye hatia. Kila Kidega alipokohoa, Akwero aliacha anachofanya. Kila alipokataa chakula, aliwaza mabaya.

Siku ilipofika walikwenda wote watatu, Mama, Akwero na Kidega. Marjan alikuwa amepimwa mapema asubuhi, na Akwero alikuwa ameonana naye langoni akiruka kwa furaha. Sasa ilibaki zamu ya Kidega. Alidungwa kidole, akajifanya haumii, wakakaa kungojea. Mama alikuwa akisali kimoyomoyo, midomo ikicheza. Sista Rosalba alitoka chumba cha vipimo, miwani juu ya paji la uso.

"Hana virusi," alisema. "Kidega ni mzima."

Mama alilia kwa sauti. Kidega aliuliza kama chapati aliyoahidiwa bado ipo. Akwero alifunika uso kwa mikono, akaacha machozi ya miezi mitatu yatoke.

Sista alimngoja atulie. "Nisikilize vizuri, Akwero, kwa sababu wewe una kichwa kizuri na nataka kitumike vizuri. Somo langu ulilishika lote. Kosa lako ni kwamba ulilifanya kuwa somo la mtu mmoja. Ulidhani ukimjua mwenye virusi na kumsogeza kando, wengine wote wako salama. Virusi havina sura wala tabia, na wengi walio navyo hawajui. Anayejua hali yake na kumeza dawa kila siku anajilinda na anawalinda wenzake. Kwa hiyo usimchunge mtu, chunga damu. Kila mtu na wembe wake, kila mtu na sindano yake. Ukikosea, sema saa hiyo hiyo, maana ukweli unaochelewa unaweza kuja dawa imeshakwisha kazi."

"Nimeelewa, Sista," Akwero alisema. Alifikiri kidogo. "Basi na mimi nipime."

Mama aligeuka upesi, machozi bado mashavuni. "Wewe? Wewe upimwe una nini? Hatuna mambo hayo sisi!"

Sista Rosalba alimtazama tu. Mama alisikia maneno yake mwenyewe yakibaki pale chumbani, akamtazama binti yake, kisha akaangalia pembeni, kwenye benchi ambalo Ojera aliketi siku ile ya Jumapili.

Polepole alikunja mkono wa gauni lake mpaka kwenye kiwiko, akanyosha mkono wake juu ya meza.

"Musawo," alisema, "anza na mimi."